Barafu ya Mwisho

Cheche aling'oa kile kidude cha angani, akakibeba begani kama jembe, akakipeleka mbali zaidi na jua. Kilikuwa mbele kidogo kuliko alipokiacha wiki iliyopita, au labda ni usingizi. Kulikuwa hakujapambazuka vizuri. Baba yake alikuwa bado anakoroma.

Cheche ni fundi wa kuchomelea vyuma. Shule ya jirani ilimpa kazi ya kupanga jua na sayari kando ya barabara. Jua, sinia la bati la njano, liko kwenye geti la shule. Sayari zimejengewa zege. Mwisho kabisa, nyuma ya zote, kuna kidude chenyewe, kigimba cha barafu: punje ya kioo juu ya nondo nyembamba. Hicho mwalimu alisema kisijengewe, maana njia yake si duara. Mara kiko mbali, mara kinajongea.

Hapo ndipo Cheche alipopata mwanya.

Mwaka jana baba yake alianguka nyumbani kwake ghorofani, upande mmoja ukafa ganzi. Alilala sakafuni mpaka majirani walipovunja mlango. Tangu hapo anaishi kwa Cheche, bintiye, na wimbo wake ni mmoja.

"Daktari kasema nikifika kwenye barafu na kurudi peke yangu, naweza kukaa kwangu. Nikifika tu, nafungasha. Sitaki kuwa mzigo."

"Nani kakuita mzigo, Baba?"

"Husemi. Ila macho yako yanasema."

Basi kila mara mzee alipokaribia, Cheche alikisogeza kidude mbele, asihame. Kwanza kwa fundi viatu, kisha kituo cha mafuta, na leo mwanzo wa daraja.

Jana mzee alirudi shati limelowa, kucha zimejaa udongo. Alisema aliinama kufunga kamba za viatu.

"Umefika?"

"Wapi! Kidude chako kina miguu, mama. Nakiona kwa mbali, nguvu zinaniishia."

Asubuhi hii mzee alisimama mlangoni, fimbo mkononi, mguu wa kushoto ukiburuta.

"Leo nafika," alisema. "Hata kama nitarudi nimebebwa."

Cheche alicheka, kisha kicheko kikamkauka. Alirudi kwenye geti la mteja alilokuwa akiliunda, akachomelea bawaba upande usio wake. Alijiona mchawi. Kamfunga mzee wa watu kama mbuzi, kisha kamba anairefusha mwenyewe. Akianguka tena, safari hii barabarani, atamwambia nani?

Alizima mashine, akatoka mbio. Angekirudisha kidude karibu. Mzee akitaka kwenda kwake, aende.

Kwa fundi viatu hakumkuta. Kwenye benchi la kituo cha mafuta hakumkuta. Aliongeza mwendo. Alifika mwanzo wa daraja akihema. Shimo lilikuwepo, nondo haipo.

"Wauza vyuma chakavu hawa, laana iwapate!" alifoka.

Kisha akainua macho. Ng'ambo ya daraja, baba yake alikuwa anapanda kilima kwa mwendo wa kijana, fimbo kaibana kwapani, nondo begani, akiipeleka mbali zaidi na jua.