Aliyetumwa Kumaliza Mgomo

Kwa mara nyingine shemeji yake alimfungulia mlango, akampa kiti, akamwambia kwa upole kwamba mumewe amesema anywe maji, apumzike, ila asimsemeshe.

Karani wa mizani alikaa. Kaka yake alikuwa pale pale sebuleni, akishona buti lililoachama, kana kwamba kilichoingia ni upepo. Hawakuwa wamesemeshana tangu msiba wa mama yao, walipotupiana maneno makaburini mbele za watu. Sasa kaka ndiye aliyeongoza mgomo wa wachimbaji, na mdogo wake ndiye aliyetumwa na kampuni kuumaliza.

Mkurugenzi mwenyewe alikuwa amemwita ofisini. Alimweleza kwamba viwanda vya betri huko ng'ambo vinalia. Kobalti haipatikani, meli zimekaa bure bandarini, bei haikamatiki. Kisha akamshika bega, akamwambia kazi hiyo hawezi kumpa mtu mwingine yeyote.

Karani alitoka pale kifua mbele. Miaka yote amepima mizigo iliyochimbwa na wenzake, hakuna aliyemjua hata kwa sura. Leo ameonekana.

Ndiyo maana alivumilia kununiwa. Siku hiyo hakuutaja mgomo kabisa. Alishuka kitini, akapiga magoti.

"Kaka, yale ya makaburini nilikosa mimi. Nisamehe."

Sindano ikasimama. Kaka aliliweka buti chini. Watu wake wamechoka, alisema, watoto wanalala njaa, lakini hawatashuka tena mashimoni kufukiwa wakiwa hai.

"Huyo bosi wako ataweka nguzo kule chini?"

"Ataweka. Kanituma niahidi lolote mtakalotaka."

"Ungekuwa mwingine nisingekuamini," kaka alisema, akamwinua. Shemeji aliyekuwa mlangoni aligeukia ukutani, akajifuta macho.

Jioni ile ile wachimbaji walikutana, wakabishana, wakakubali. Kesho wangerudi kazini.

Karani nusura akimbie njia nzima. Alimkuta mkurugenzi kwenye simu, anacheka. Akampa habari pale pale, maneno yakimtoka mbiombio, kwamba mgomo umekwisha, wote wamekubali, kaka yake amempa mkono.

Mkurugenzi alikata simu bila kuaga. Alisogea dirishani, akayatazama maghala yake, yote yamejaa kobalti hadi milangoni, yakisubiri bei izidi kupanda.

"Wanunuzi walitaka kuona nimetuma mtu," alisema bila kugeuka. "Nikaulizia ni nani ambaye kiongozi wa mgomo hawezi kumsikiliza hata kidogo. Wote wakakutaja wewe."