Visivyo vya Lazima

Jumanne, tarehe kumi na nne Machi, saa nne na robo asubuhi, manyunyu yakiulowesha mji wa mpakani, Nikanori, katibu wa wizara, aliletewa nakala safi ya vipaumbele vya ushirikiano wa kiuchumi baina ya nchi mbili jirani. Aliyeileta alikuwa Barutwa, mjumbe wa nchi ya pili, aliyelala naye bweni moja shuleni.

"Tia sahihi, ndugu yangu, chai inapoa," alisema Barutwa akicheka.

Nikanori hakukiamini kicheko kile. Akasoma, kidole kikifuata mstari. Jana walikubaliana "kuondoa vizuizi vya mpakani." Leo palisomeka "kuondoa vizuizi vya mpakani visivyo vya lazima."

"Na ni nani atakayeamua kilicho cha lazima?"

"Maneno matatu tu, bwana! Umekuwa mwalimu wa zamu?"

Nikanori alitazama dirishani. Malori ya nyanya yalitimiza siku ya tisa yakisubiri mbele ya kizuizi, na maji mekundu yalichuruzika hadi barabarani.

Barutwa akashusha sauti. "Nilichapwa viboko sita kwa kosa lako, na sikukutaja. Leo nakudai."

"Unanidai kweli," alijibu Nikanori. "Ila deni hilo ni la mgongo wangu. Kwa jasho la wenye nyanya wale, silipi."

Akayakata maneno yale matatu, akatia sahihi, kisha akamsogezea karatasi na kalamu.

Barutwa aliishika kalamu. Hakuandika, wala hakuiweka chini.