Kidonge cha Jirani

Jirani aliacha kupura ulezi, akaja kwa Evodia amejaa vumbi mpaka kwenye nyusi.

"Moyo unanienda mbio, dada. Nigawie kidonge chako cha presha."

Evodia hakuona shida. Wao waligawana chumvi, mbegu, hata moto wa asubuhi. Akamchotea maji, akatoa kidonge cheupe, akakishika kiganjani ili ampe.

Jirani akavuta pumzi. Kifua kikapiga filimbi.

Evodia akamkumbuka daktari. Kabla ya kumwandikia vidonge hivyo alimuuliza, "Una pumu, mama? Hivi vinamfunga pumzi mwenye pumu."

Evodia akafumba kiganja.

"Hee! Tangu lini ukawa mchoyo?" jirani akauliza, mkono bado ameunyoosha.

"Tangu leo," akajibu Evodia, akakiangusha kidonge chini, akakikanyaga.