Daraja la Kwanza

Mgeni alizima pikipiki nje ya geti, akasogea hatua chache, akasimama, kisha akaanza kuruka-ruka.

"Anaruka nini yule?" dada yake Kapteni aliuliza, akichungulia kwenye dirisha la banda.

"Furaha," alisema Kapteni. "Ameona farasi."

Kapteni hakuwahi kuwa kapteni wa kitu chochote. Jina alijipa mwenyewe siku alipofungua shule yake ya kupanda farasi, na watu wakamwachia kwa kuwa halikuwapunguzia kitu. Leo lakini ukapteni wote ulikuwa umemtoka kwa jasho. Mwaka jana mkaguzi, mama mmoja aliyekuja na viatu vyeupe, alizama kwenye tope la bandani na kuacha kiatu kimoja humo humo. Akawapa daraja la tatu. Wakipata la tatu tena, shule inafungwa na farasi wote wanauzwa, akiwemo Bibi Mkubwa, farasi jike mzee asiye na meno, ambaye hakuna mwenye akili timamu angemnunua. Kapteni alimpenda kuliko alivyokuwa tayari kukiri mbele ya dada yake.

Ndiyo maana jana alishinda akipigilia sakafu mpya bandani, ya mbao nene, kavu, za uhakika. Dada yake alipouliza zimetoka wapi, alijibiwa, "Wewe kanyaga tu, dada."

Mgeni aliingia uso umemkunjamana. "Mimi ni mkaguzi wa madaraja."

Kapteni alishusha pumzi. Mwaka huu wameleta mwingine, afadhali. "Karibu sana, mkuu. Tumekungoja kwa hamu."

Dada, kama walivyokubaliana, alimgeukia Bibi Mkubwa kwa adabu zote. "Umeamkaje, bibi? Umelala vizuri?"

Bibi Mkubwa alipiga chafya.

Mgeni hata hakugeuka. "Farasi mmoja ana kilo ngapi?"

Hilo bila shaka lilikuwa swali la lishe, na Kapteni hakutaka wanyama wake waonekane wana njaa. "Mia tano, mkuu. Huyo wa pembeni anakaribia mia saba. Wanakula kuliko mimi."

Mgeni aligeuka kuangalia getini. "Na mnawapitisha mmoja mmoja?"

"Hapana, sisi hatuwatengi. Wote kwa pamoja, asubuhi na jioni, tena mbio, na watu mgongoni."

"Jamani," alisema mgeni polepole. "Na hajawahi kuanguka mtu?"

"Kuanguka ni sehemu ya mafunzo," dada alidakia, na Kapteni akamkanyaga mguu.

Mgeni aligonga sakafu kwa kisigino. Akainama, akazipapasa mbao moja moja, na kwa mara ya kwanza uso ukamchangamka. "Mbao safi hizi. Mbao kama hizi ndizo nilizotarajia kuzikuta."

Kapteni nusura alie. Tayari alimwona Bibi Mkubwa akizeekea hapo hapo, amelala pakavu, anamung'unya uji wake wa pumba bila haraka. Uvumilivu ukamshinda.

"Mkuu, tusizungushane. Sisi hapa ni watu wazima. Daraja letu ni la ngapi?"

"La ngapi?" Mgeni alimkodolea macho. "Kwani mnayo mangapi? Mimi nimeona moja tu, hilo la getini, juu ya mtaro. Na katikati yake mbao zote zimeng'olewa, mkatandika maboksi na kumwagia nyasi juu; mimi nimepita kwa kukanyaga boriti ya pembeni."

Dada aliitazama sakafu mpya. Kisha akamtazama mdogo wake.

Kapteni alianza kurudi nyuma taratibu, lakini huko getini ilisikika honi ya gari, kitu kikavunjika, na maji yakaruka. Kisha sauti ya yule mama wa mwaka jana ikapanda kutoka mtaroni, tulivu kabisa.

"Kile kiatu nilishasamehe," ilisema. "Leo nimekuja kuwapa daraja."