Ndoto ya Nyumba Nzima

Haya kanihadithia Chiku, wifi yake Kidawa, Ijumaa iliyopita tukichambua mchele.

Zama hizi, walalao chini ya paa moja huota ndoto moja. Ndiyo maana Kidawa alikuwa akilala peke yake kwenye banda la kuni. Mafuriko yaliyomchukua mumewe yalimrudia kila akifumba macho, naye hakutaka binti yake Tatu ayaone. Mtoto kila jioni alilia, anamtaka mama.

Mwisho Kidawa akaenda kwa Bi Saumu, mshauri wa waliopatwa na misiba. Miezi mizima alimsimulia yale maji, kwanza kwa kulia, kisha kwa kunong'ona, hata siku moja akayasimulia huku anatafuna karanga.

"Sasa kalale na wenzio," Bi Saumu akamwambia. "Mchana, mlango wazi."

Baada ya chakula wakatandika mkeka sebuleni. Tatu akamganda mama yake kama kupe.

"Wifi, ukinilowesha kanga yangu utaifua mwenyewe," Chiku akatania.

"Nitaifua, na kuipiga pasi."

Kidawa akapitiwa na usingizi, Tatu akafuata. Chiku akabaki macho, anawatazama. Kidawa alikoroma kwa raha zake. Mtoto akacheka usingizini, miguu yake ikipiga-piga kama arushaye maji.

Chiku akashusha pumzi, akamshukuru Mungu. Kisha akaipandisha kanga yake hadi magotini, akajinyoosha kando yao, akalala.