Nati ya Ayuma

Ili akubaliwe katika kundi la wapenda fizikia mtandaoni, Ayuma, fundi cherehani wa Huruma, alitakiwa kupima mvutano wa dunia kwa vifaa vya nyumbani. Alifunga nati kwa uzi wa kushonea, akaining'iniza kwenye msumari dirishani, akaibembeza huku akihesabu. Matapeli wa mtandaoni anawajua, kwa hivyo alituma jibu bila picha wala jina.

Msimamizi wa kundi akajibu papo hapo.

"Hesabu ni sawa, dadangu. Shida ni huo ukuta, unatetemeka. Pima tena mashine ya kusaga ikizimwa."

Ayuma akaganda. Nani alimwambia habari za mashine? Na amejuaje kuwa yeye ni mwanamke?

"Wewe ni nani?" akaandika.

Hakungoja jibu. Akafunga komeo la mlango, kisha akachungulia nje. Ng'ambo ya barabara mashine ilikuwa ikinguruma, akina mama wamepanga foleni na mahindi yao.

Ghafla mngurumo ukakatika. Akina mama wakaanza kulalamika. Mwenye mashine, mweupe kwa unga hadi kwenye nyusi, hakuwajali. Alikuwa ameinamia simu yake.

Ya Ayuma ikalia.

"Haya, sasa pima."