Kijiko cha Kwanza

Kidole cha tatu kilivunjika kwa sauti ndogo kuliko viwili vilivyotangulia. Mwenye bucha alijua pa kukibana. Miaka ishirini ya kutenganisha viungo ilikuwa imemfundisha kwamba mfupa haushindani na mtu anayejua ulipounganika.

"Ngano uliitia wapi?" aliuliza taratibu, kama mtu anayeuliza njia.

Mpishi alikuwa amelala kifudifudi juu ya meza ya kukatia, mkono wake umebanwa kwenye droo ya visu. Ilikuwa Jumatatu asubuhi na mgahawa haujafunguliwa.

"Sikutia, bwana. Ngano haivuki mlango wa jiko hili. Hata mkate tunauweka kule kaunta."

Mtaani mwenye bucha walimwita Shoka. Hakulipenda jina hilo wala hakulikataa. Tangu mama yao afariki alikuwa na kazi moja tu nje ya bucha, kumlinda mdogo wake, kitinda mimba wa nyumba yao. Utotoni binti huyo alikonda na kutapika kila alipokula, na mama akashikilia kwamba kuna mtu anamlisha sumu. "Asile kitu ambacho wewe hujakionja," alimwambia Shoka siku ile ya mwisho, akiwa amemshika mkono.

Miaka mingi baadaye daktari ndiye aliyeupa ugonjwa jina lake, siliaki. Ngano ikimwingia tumboni, hata chembe ya unga, utumbo wake unajishambulia wenyewe. Hapakuwa na sumu wala mbaya wao. Lakini mama alikuwa amekwisha kuahidiwa, na Shoka akaendelea kuonja.

Dada alizoea kwenda kwenye harusi za watu na chakula chake ndani ya kopo. Kisha, mwanzoni mwa mwaka huu, akampata mpishi huyu. Mpishi alimtengea kikaango cha kijani, mafuta yake, kisu chake. Alinawa hadi viwiko kabla ya kumgusa samaki wake. Kila Jumapili mchana kaka na dada walikaa meza ya pembeni, na sahani ilipokaribia dada alifumba macho, akavuta harufu kama mtu anayesikiliza wimbo anaoupenda. Shoka, ambaye hana subira na njaa, huwa keshamaliza nusu ya mkate na mchuzi wake. Kwa kijiko chake hichohicho alikuwa akichota mara moja kwenye sahani ya dada, anatafuna, anasubiri kidogo, ndipo anasema, "Haya, kula, mama."

"Hata marais hawana mwonjaji kama huyu," mhudumu aliwatania siku moja.

"Marais hawana dada kama huyu," Shoka akajibu.

Furaha hiyo haikumaliza mwezi. Nyumbani kwake dada alikuwa mzima, lakini ikifika Jumapili jioni alijikunja sakafuni akiuma kanga asipige kelele. Jana alitapika damu. Daktari alimwita Shoka pembeni, akamwambia utumbo wa dada yake umechakaa kama kitambaa cha kudekia. Akila ngano tena, watamzika.

"Nakuuliza kwa mara ya mwisho," Shoka alisema.

Mpishi alitema damu juu ya ubao. "Mwambie aje peke yake."

"Rudia."

"Nilimwomba awe anakuja peke yake. Jumatano huwa anakuja. Muulize mwenyewe, bwana. Mimi nilimwahidi sitasema."

Kumbe. Mtu huyu alikuwa akimwita dada yake kwa siri. Shoka alinyoosha mkono akakitungua kikaango cha kijani ukutani. Pigo la kwanza lilivunja taya. La pili lilimtoa mpishi mezani, mkono ukachomoka kwenye droo ukiwa umechunika. La tatu na la nne alimpiga akiwa sakafuni, kati ya jiko na ndoo ya maji, mpaka chuma kikapinda mkononi mwake.

Alichuchumaa akaweka vidole viwili shingoni mwa mtu huyo. Akasubiri, kisha akanawa mikono.

Alipopita kaunta alichukua mkate kwenye kikapu. Hakuwa amekunywa chai. Alitembea akiumega na kuutafuna njia nzima hadi hospitali alikolazwa dada.

Dada alikuwa ameegemezwa kwenye mito miwili, uso umekwajuka. Aliiona mikono ya shati la kaka yake.

"Umefanya nini?"

"Nimemaliza. Yule hatakulisha tena."

Dada alifumba macho.

"Amekwambia nini?"

"Eti uwe unakwenda peke yako. Eti Jumatano." Shoka alivuta kiti, akaketi. "Jumatano unamfuata kufanya nini, wewe mtoto?"

"Kula."

"Kula nini?"

"Samaki yuleyule. Kwenye kikaango kilekile." Machozi yalimtiririka lakini sauti haikutikisika. "Sijawahi kuumwa Jumatano, kaka. Hata mara moja."

"Kwa hiyo Jumatano anakupenda, Jumapili anakuchukia?"

Muuguzi aliingia na bakuli la uji wa mchele, akaliweka kwenye meza ndogo, akatoka. Shoka alikihamishia kipande cha mkate mkono wa kushoto, akachukua kijiko.

"Ngoja nionje kwanza."

Dada alilifunika bakuli kwa viganja vyake vyote viwili.

"Jumatano, kaka," alisema, "hakuna anayenionjea."